Barua kwa Salma: kuuliza habari za muda kwa Kiingereza

Rafiki yangu Salma,

Habari za siku nyingi? Mimi sijambo, na barua yako nimeipata.

Umeuliza kama "How much time do you use to read?" ni sawa. Utaeleweka, lakini wenyewe hawasemi hivyo. Sisi kutumia ni kutumia tu, iwe kisu, pesa au saa. Wao wamegawa: kisu ni "use", pesa na muda ni "spend". Kwa hiyo uliza "How much time do you spend reading?" Usisahau ile "-ing", ukisema "spend to read" umeharibu. Ikifuata nomino, tia "on": "How much time do you spend on your phone?" Swali hili ni la mazoea, mambo ya kila siku au kila wiki.

Kama ni kazi yenye mwanzo na mwisho, wanauliza imechukua muda gani: "How long did it take you to finish the report?" Hiyo "it" haimtaji mtu wala kitu, lakini ukiiondoa sentensi inaanguka.

Panaposumbua hasa ni jambo lililoanza zamani na bado linaendelea. Ukitaka kujua mtu ana muda gani tangu aanze kujifunza Kiingereza, sema "How long have you been learning English?", si "How long are you learning". Atakujibu kwa "for" akitaja urefu wa muda, "for three years", au kwa "since" akitaja mwanzo, "since 2021".

Kosa la hapa si la sarufi tu, maana yenyewe hugeuka. Mgeni ukimuuliza "How long are you here for?" atakwambia "Until Friday", kumbe wewe ulitaka kujua amefika lini. Ungemuuliza "How long have you been here?"

Na tafadhali, "tangu lini" usiibebe nzimanzima. "Since when do you read novels?" masikioni mwao ni kama kumwambia mtu, "Ala! Wewe nawe siku hizi unasoma riwaya?" Kwa rafiki ni utani, kwa bosi ni ufedhuli.

"How often" nayo iache kando, hiyo huuliza mara ngapi.

Moja ninalolipenda mimi: ukichelewa kwenye miadi, usimhesabie mwenzako dakika kwa "How long have you been waiting?" Si kosa, ila "Have you been waiting long?" ni laini zaidi, naye akitaka atakujibu "Not long" hata kama amekaa saa nzima.

Ukikwama kwenye sentensi nyingine niandikie, na kama unaweza ziandike zote pamoja na mahali unapotaka kuzitumia.

Wasalaam,
Rafiki yako Mwanaidi