Kikombe Kilichohamishwa

Majengo, Moshi

Mwanangu Neema,

Pokea salamu zetu. Sisi hapa nyumbani tu wazima, na mama yako amekufungia ndizi mshare ambazo utazipata kesho kwa dereva wa Coaster. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu kwa sababu ya jambo moja nililoliona Jumamosi katika mchezo wenu wa kuigiza hapo Arusha, ambalo nadhani watazamaji wengi halikuwagusa.

Yule anayeigiza kaka yako aliweka kikombe cha chai upande wa kushoto wa meza, ilhali katika mazoezi yote hukiweka kulia. Mkono wako ulikwenda kulekule ulikozoea, ukashika hewa, huku midomo yako ikiendelea kutamka maneno bila kukosea hata silabi moja. Hapo nilijua kwamba wewe mwenyewe hukuwapo.

Sikulaumu, maana yalishanikuta. Nikiwa darasa la sita tulighani ngonjera mbele ya wageni, nasi tulikuwa tumeikariri hata nikaweza kuisema huku nikichota maji. Katikati ya ubeti wa tatu nikaanza kuwaza viatu vyangu vya kuazima. Na kwa kuwa ubeti ule na wa sita ziliingia kwa maneno yaleyale, ulimi ukarukia wa sita. Mwenzangu akabaki na jibu la swali ambalo sikuwa nimeuliza.

Jambo likirudiwa mno, mwili hulishika, na akili ikiona haina kazi hutoka ikazurura. Usijaribu kuizuia kwa kukagua kila neno na kila hatua, kwani anayezihesabu ngazi akishuka ndiye anayejikwaa. Ipe kazi nyingine. Konstantin Stanislavski, mwongozaji Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, aliwafundisha waigizaji kuyaweka mawazo yao kwanza ndani ya duara dogo, kama eneo linaloangazwa na taa moja ya mezani, ndipo walipanue taratibu. Duara lako ni ile meza. Ukiingia, tazama kikombe kilipo leo, kisha msikilize kaka yako kana kwamba hujui atakalosema, maana maneno ni yaleyale lakini sauti siyo: Jumamosi alikuwa na mafua, tulimsikia hadi safu ya nyuma, nawe ukamjibu kama mtu asiye na neno. Na akili ikitoroka tena, irudishe mezani bila kujigombeza, kwa sababu kujigombeza nako ni kutoroka.

Tutakuja tena Jumamosi hii, mimi na mama yako. Mwambie huyo kaka yako wa jukwaani akiweke kikombe popote apendapo, wala asikuambie.

Ni mimi,
Baba yako