Nyanya haidungwi sindano, Mhariri

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka na mikaka bila kukuandikia hata mstari. Hata mlipotangaza mvua kubwa tukapanda, tukaula wa chuya, nilinyamaza. Lakini ile makala yenu ya vyakula vya GMO, yaani vya mimea iliyobadilishwa jeni maabara, iliyopambwa kwa picha ya nyanya ikidungwa sindano ya maji ya buluu, imenipandisha mori. Tangu Baraza la Mawaziri la Kenya liondoe marufuku ya GMO ya 2012, mnamo Oktoba 3, 2022, sindano hiyo mmeichapisha hadi nyanya yenyewe imechoka.

Hakuna anayedunga nyanya sindano. Ukilitia DNA (ile kemikali inayobeba jeni, maelekezo ya urithi) tunda lililokwisha kukomaa, vimeng'enya vitaikatakata na nyanya itaoza zake.

Mwandishi wenu anadai DNA ngeni ikishapenya seli moja basi "husambaa" mmea wote, kisha inamhamia mlaji. Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa maabara ya kilimo. Nimekata majani ya tumbaku, mmea tuliojifunzia, vipande vidogo vya kutosha ukucha, nikavichovya kwenye maji yenye Agrobakteria. Hiki ni kijidudu cha udongoni ambacho tangu jadi huchomoa kipande cha DNA yake na kukisukumia ndani ya mmea, mmea ukaota uvimbe kwenye shina. Wanasayansi walitoa jeni za uvimbe wakapachika wanazozitaka wao, na mwaka 1983 tumbaku za kwanza za namna hiyo zikapatikana. Baada ya kuvichovya na kuviacha kidogo, unavihamishia vipande kwenye agari, rojo la kukuzia mimea maabara, lenye kanamaisini, dawa inayoua seli ambazo hazikupata jeni ya kuihimili. Hapo ndipo mwandishi wenu angefaa awepo! Kipande kinaanza umanjano kingoni, kisha kinapauka chote kama karatasi iliyolowa, na siku yako imeishia hapo. Sehemu kubwa ya DNA iliyoingia imekatwakatwa njiani. Nyingine imefika kwenye kiini cha seli, ikatumika siku chache, ikapotea bila kujiunga na kromosomu yoyote, yaani nyuzi za DNA za mmea wenyewe. Ile kidogo inayojiunga hujipachika popote seli inapounga DNA yake iliyokatika, pengine nakala mbili tatu zimebanana, pengine moja imepinduka au imekatika mkia. Na hata ikishatulia, mmea unaweza kuizima. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyoongezea petunia jeni ya rangi ili zambarau ikolee, na baadhi ya mimea ikatoa maua meupe pe, kwa kuwa ilizima jeni ngeni pamoja na ile yake ya asili. Huko ndiko kusambaa? Mmea mzima unakuwa na jeni hiyo kwa sababu umekuzwa kutokana na seli moja iliyonusurika, wala jeni haikutembea kutoka jani hadi jani. Na anayeula anaimeng'enya DNA yake tumboni, sawa na anavyomeng'enya ya sukuma wiki na ya mbuzi.

Hasara nimeipata mimi. Nalima viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya machungwa, na kuuza sokoni. Jumamosi baada ya makala yenu, mama mmoja, mteja wangu tangu hajapata wajukuu, aliokota kiazi, akakivunja, akaitazama rangi ya ndani, akakirudisha. "Mzee, hiki si ndicho kile cha sindano?" Nikamwambia, la hasha mama, hiki kimezalishwa kwa kuchavusha maua tu. Akanionea huruma, akaenda kununua vyeupe kwa jirani. Laiti angejua! Mwaka 2015 watafiti walichapisha kwamba walipima sampuli 291 za viazi vitamu vinavyolimwa, na zote zilikutwa na DNA ya Agrobakteria, iliyojiingilia yenyewe shambani kabla ya maabara kuzaliwa. Vyeupe vya jirani navyo vimo humo.

Na mkitaka habari ya kutisha, mbegu ghushi zipo. Msimu uliopita agroveti mmoja aliniuzia mahindi ya kula yaliyopakwa rangi ya waridi. Pakiti haikuwa na kile kibandiko cha kukwaruza cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Nilipouliza, akasema kimebandukia garini. Shamba liliota mapengo, rangi ikanibaki vidoleni. Hilo halina picha? Wala sijaja kuipigia debe kampuni yoyote. Mbegu ya GMO itauzwa bei gani, itakuwa mali ya nani, na mkulima ataruhusiwa kuiweka ya msimu ujao? Hayo nayauliza hata mimi, ila kwenye makala yenu sikuyaona.

Napendekeza hivi. Kila mkiichapisha ile sindano, mwandishi apelekwe kwenye maabara ya tishu akae majuma matatu akihesabu vipande vya majani vinavyokufa, na hesabu yake ichapwe ukurasa wa nyuma, kipande kwa kipande, mahali pa matokeo ya ligi. Ikiwa bajeti hairuhusu, mnunulieni mpiga picha wenu nyanya, sindano na rangi ya buluu, aidunge mwenyewe, na akimaliza kuipiga picha aile.

Fundi mstaafu na muuza viazi,
Kaloleni, Kilifi