Barua ya wazi: Tanga na Pemba ni nusu saa, mimi nimetumia siku mbili

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya usafiri,

Assalaam alaykum. Shikamoo.

Mheshimiwa, Jumanne iliyopita alfajiri nilipigiwa simu kutoka Chake Chake. Mama amefariki, anazikwa baada ya Alasiri. Nililia, lakini moyoni nilijua nitawahi. Kutoka uwanja wa ndege wa Tanga hadi ule wa Pemba ni kama kilomita 85 kwa anga. Hata ndege ndogo ya abiria kumi na wawili haifikishi nusu saa.

Saa moja asubuhi nilikuwa uwanjani na nauli mkononi. Mzani wa mizigo ulikuwa umefunikwa turubai. Mlinzi, kijana mwenye adabu, akaniambia, "Mzee wangu, leo haiji. Na jana haikuja." Nikamuuliza ya kesho, akatazama chini.

Nikakimbilia pwani. Kusi lilikuwa linavuma na nahodha akakataa kutoka. Simlaumu. Sisi wa visiwani hatujasahau Septemba 2011, Spice Islander ilipozama usiku ikielekea Pemba.

Basi nikapanda basi. Segera, Chalinze, Dar es Salaam: kilomita 350 za barabara, na nilipofika bandarini boti ya mwisho ilikuwa imeshaondoka. Nikalala kwa jamaa Kariakoo. Kulala ni neno tu, sikufumba jicho. Jumatano boti hadi Unguja, na Unguja ndege ya asubuhi imejaa, ikabidi ningoje ya mchana. Ukijumlisha yote ni kilomita 550 hivi, kuzunguka bahari ambayo ningeivuka kabla chai haijapoa.

Mimi ndiye mwanawe wa kiume pekee. Aliyeshuka kaburini kumpokea mama ni mjomba. Nilipofika, udongo ulishaanza kukauka juu.

Mheshimiwa, tumeahidiwa. Kila wakati wa kampeni tunaambiwa usafiri wa Tanga na Pemba utatengemaa, na tunapiga makofi. Nadhani wenye ndege wanaogopa viti vitupu. Lakini abiria watatoka wapi, iwapo hakuna anayejua ndege inaruka lini? Mgonjwa hawezi kupanga, mfanyabiashara wa karafuu hawezi kupanga, mwenye msiba ndiyo kabisa. Watu wanaizoea njia ya Dar, kisha inasemekana Tanga haina abiria. Ngamiani na Makorora kuna nyumba ngapi zenye ndugu Wete, Mkoani na Chake? Njoo uhesabu, nitakutembeza mwenyewe.

Sikuombi uwanja mpya. Sikuombi ndege kubwa. Naomba siku mbili tu kwa wiki zitajwe, zibandikwe mlangoni pale uwanjani, na ndege ije siku hizo hata ikiwa na abiria watatu. Ikibidi serikali ichangie viti vitupu, ichangie, kama inavyogharamia vivuko kwingine. Siku mbili, Mheshimiwa. Na isipokuja, tuambiwe jana yake, tusiambiwe na mlinzi.

Arobaini ya mama ni mwezi ujao. Dada zangu wananiuliza nitafika lini, na mimi nakuuliza wewe: ndege ya Pemba inaondoka Tanga siku gani?

Wako mtiifu,
Mpemba wa Makorora, Tanga