Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Utafiti wa Kitabibu wa Magonjwa ya Masikio, Pua na Koo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Walimu wetu na wasimamizi wa tafiti zetu,
Ndugu wagonjwa mlioshiriki katika tafiti hizo, pamoja na familia zenu,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika hafla yetu. Tunajua majukumu uliyoyaacha ili uje kuketi nasi, na tunakushukuru kwa dhati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaohitimu leo ni madaktari, wauguzi, wapimaji wa usikivu na wataalamu wa tiba ya usemi. Tulipoingia katika mafunzo haya, kila mmoja wetu alikwishajua kutibu sikio linalotoka usaha, pua iliyoziba na koo linalouma. Tunatoka na swali ambalo hatukuja nalo: mgonjwa wangu amepona, lakini nitajuaje kwamba ni mimi niliyemponya?

Katika fani yetu swali hili ni zito kuliko linavyosikika. Maradhi mengi tunayoyatibu huja na kuondoka yenyewe. Mafua huisha. Maji yaliyotuama nyuma ya ngoma ya sikio la mtoto mara nyingi hukauka baada ya miezi michache. Kizunguzungu cha ugonjwa wa Ménière, maradhi ya sikio la ndani, humwangusha mtu wiki hii, kikamwacha miezi kadhaa, kisha kikarudi bila hodi. Na mgonjwa huja kwetu siku ile aliyozidiwa. Baada ya siku hiyo, tumpe dawa au tusimpe, uwezekano mkubwa ni kwamba atapata nafuu, na aliyemwandikia dawa ndiye atakayeshukuriwa. Shukrani hizo sisi sote tumewahi kuzipokea kwa moyo mweupe. Tukiri kwamba baadhi yake hazikuwa haki yetu.

Katika darasa la kwanza mwalimu wetu alitusimulia habari ya mafindofindo ya watoto wa New York, na tunaomba kukusimulia nawe. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1934 na chama cha afya ya watoto cha Marekani. Walichukuliwa watoto 1,000 wa shule, wenye umri wa miaka 11. Watoto 611 walikuwa wamekwisha kukatwa mafindofindo. Waliobaki, 389, walipelekwa kwa madaktari wa shule, na madaktari wakasema 174 kati yao wanahitaji upasuaji. Hapo wakabaki 215 walioambiwa hawana tatizo. Watoto hao 215 wakapelekwa kwa madaktari wengine, ambao hawakuambiwa kwamba walikwisha kuchunguzwa. Hao nao wakachagua 99 wa kupasuliwa. Wakabaki 116. Walipopelekwa kwa kundi la tatu la madaktari, 51 wakaandikiwa upasuaji. Kati ya watoto 1,000, waliobaki bila kukatwa wala kushauriwa kukatwa walikuwa 65 tu.

Madaktari wale hawakuwa wazembe. Kila kundi lilipendekeza upasuaji kwa karibu nusu ya watoto waliokuwa mbele yake, kwa sababu ndivyo lilivyozoea kuona. Macho yalitafuta ugonjwa na yakaupata. Kila mara tunapoisoma habari hii tunawafikiria wale 99, watoto ambao siku chache kabla walikuwa wameambiwa wako salama.

Ilichukua miongo mingi kulipatia jibu la haki swali la ni mtoto yupi hasa anafaa kukatwa mafindofindo. Mwaka 1984 watafiti wa Pittsburgh walionyesha kwamba upasuaji huo huwasaidia watoto walioumwa koo mara nyingi kweli: angalau mara saba katika mwaka mmoja, au mara tano kila mwaka kwa miaka miwili, au mara tatu kila mwaka kwa miaka mitatu. Kipimo hicho kinatumika hadi leo. Kwa watu wazima tumesubiri hadi mwaka 2023, ambapo jaribio lililofanyika Uingereza kwa washiriki 453 lilionyesha kwamba waliopasuliwa waliumwa koo kwa siku 23 katika miaka miwili, na ambao hawakupasuliwa siku 30. Hizo ni siku saba, na mgonjwa anayo haki ya kuambiwa hivyo kabla hajapanda kitanda cha upasuaji, apime mwenyewe kama zinamtosha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utauliza ni nini kinachotenganisha jaribio la namna hii na uzoefu wa tabibu. Ni kundi la kulinganishia, na ni kura. Mgonjwa hachagui atapata tiba ipi, wala tabibu hamchagulii. Kura ndiyo inayoamua, ili wenye hali mbaya na wenye nafuu wagawanyike sawa pande zote mbili. Mfano tunaoupenda ni wa watu wanaoamka asubuhi uso umepooza upande mmoja, jicho halifumbi na maji yanamwagika mdomoni. Kwa miaka mingi waliandikiwa steroidi, dawa ya virusi, au zote mbili. Huko Scotland watafiti waliwagawanya kwa kura wagonjwa 551 walioanza tiba ndani ya saa 72, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Baada ya miezi mitatu, asilimia 83.0 ya waliopewa prednisoloni, ambayo ni steroidi, walikuwa wamepona kabisa, na kati ya ambao hawakuipata walikuwa asilimia 63.6. Dawa ya virusi, asikloviri, haikuongeza chochote.

Itazame ile 63.6 kwa makini. Hao ni watu ambao hawakupewa prednisoloni, na zaidi ya nusu yao walipona. Kama kila mmoja wao angepewa maji ya rangi na tabibu fulani, leo maji yale yangekuwa na jina kubwa. Bila kundi la kulinganishia, asikloviri ingeendelea kuonekana inaponya, na prednisoloni isingejulikana ubora wake.

Kwa upasuaji jambo hili ni gumu zaidi, maana mtu anayejua amepasuliwa hutarajia kupona, na matarajio yana nguvu. Mwaka 1981 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio lililohitaji ujasiri. Walichukua wagonjwa 30 wenye ugonjwa wa Ménière. Nusu walifanyiwa upasuaji wa kawaida wa wakati ule, wa kutoa njia kwenye mfuko wa maji wa sikio la ndani. Nusu nyingine walifunguliwa mfupa wa nyuma ya sikio, mfuko ule ukaachwa bila kuguswa. Mgonjwa hakujua yuko kundi gani, wala aliyekuwa akimpima hakujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na watafiti wakaona kwamba tofauti kati yao ni ndogo mno. Baadaye wataalamu wengine walizikokotoa upya takwimu zile wakafikia hitimisho tofauti, na ubishi haujaisha. Darasani kwetu tulibishana siku nzima kama ni halali kumfungua mtu mfupa bila kumtibu. Wapo kati yetu wanaosema hapana hadi leo. Anayeisoma risala hii anaona kwamba ni halali, ikiwa mgonjwa ameelezwa wazi na ameridhia, kwa sababu vinginevyo maelfu wangeendelea kufunguliwa bila mtu kujua faida yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tusije tukakupa picha kwamba utafiti kazi yake ni kukataza tu. Utafiti umewaachia watu sauti zao. Mtu aliyekuwa na saratani iliyokomaa ya zoloto, kisanduku cha sauti, tiba yake ilikuwa kuondolewa zoloto lote, na pamoja nalo sauti yake. Mwaka 1991 hospitali za maveterani wa Marekani zilitoa matokeo ya wagonjwa 332. Kundi moja lilipasuliwa kisha likapewa mionzi. Jingine lilianza na dawa za saratani, likafuata mionzi, na kisu kikawekwa akiba. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai katika kila kundi walikuwa asilimia 68. Lakini katika kundi la dawa, asilimia 64 walikuwa bado na zoloto lao. Hapakuwa na njia nyingine ya kulijua hilo isipokuwa watu 332 kukubali kura iamue.

Upole nao haukubaliwi bila kupimwa. Kwa saratani ya koo inayoletwa na virusi vya HPV, ilitumainiwa kwamba dawa iitwayo setuksimabu ingechukua nafasi ya sisplatini, dawa ya saratani iliyozoeleka, ili kuwapunguzia wagonjwa mateso. Mwaka 2018 jaribio la wagonjwa 334 lilionyesha kwamba mateso hayakupungua, na waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 89.4 kwa setuksimabu, na 97.5 kwa sisplatini. Nia ilikuwa njema. Bila jaribio, nia hiyo ingegharimu maisha.

Na tunaishi wakati wa matumaini. Mwaka 2024 watafiti wa Shanghai walieleza habari za watoto sita waliozaliwa viziwi kwa sababu ya hitilafu katika jeni iitwayo OTOF. Waliingiziwa jeni nzima ndani ya sikio, na watano kati yao wakaanza kusikia. Hitilafu hiyo ni sehemu ndogo tu ya uziwi wa kuzaliwa nao, na watoto sita ni wachache. Hata hivyo baadhi yetu tulilia tuliposoma.

Sasa tuseme yanayotusumbua. Tunachokipima mara nyingi hakionekani. Mlio wa sikioni anausikia mwenye sikio peke yake. Pua inaweza kuonekana wazi kwenye kioo na mwenyewe akasema haipitishi hewa. Tunategemea dodoso, yaani neno la mgonjwa, na dodoso lililotafsiriwa vibaya huleta majibu mabaya. Katika dodoso moja tulilolijaribu, swali lilitumia neno moja kwa kizunguzungu cha dunia kuzunguka na kwa kuhisi kichwa chepesi. Hayo ni maradhi mawili tofauti. Tulilazimika kulitupa na kuanza upya, tukikaa na wagonjwa na kuwauliza wao wenyewe hulisemaje jambo hilo.

Ridhaa nayo ina ugumu wake kwetu. Tunamwomba ridhaa mtu asiyesikia, na mara nyingi tunamsomea fomu kwa sauti kupitia ndugu aliyemsindikiza. Ndugu husema ndiyo. Lakini sikio si la ndugu. Tumeshuhudia mshiriki kiziwi ambaye, mkalimani wa lugha ya alama alipopatikana baadaye, aliuliza maswali manane ambayo hakuna aliyewahi kumjibu, kisha akaamua kujitoa. Alikuwa na haki. Fomu yake ilikuwa na sahihi, na haikuwa na ridhaa.

Kuna pia wanaopotea njiani. Mtoto ambaye sikio lake limekauka haletwi tena, na aliyezidiwa huenda kutafuta tiba kwingine. Tukihesabu waliorudi tu, tunajidanganya kuhusu wote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 430 wana upotevu wa usikivu unaohitaji huduma, na karibu asilimia 80 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Majaribio mengi tuliyokutajia yamefanyika kwingineko. Wagonjwa walio wengi wanatibiwa kwa ushahidi ambao wao hawakuwemo.

Kwa hiyo tunakuomba. Tunaomba wakalimani wa lugha ya alama wawe sehemu ya bajeti ya kila utafiti unaowagusa viziwi, tangu siku ya kuandika pendekezo. Tunaomba chumba kisichopitisha kelele, kwa kuwa kipimo cha usikivu kilichofanyika kando ya korido yenye watu hakifai kuingizwa katika hesabu yoyote. Tunaomba muuguzi anayefanya utafiti apewe saa za kazi hiyo, maana sasa anaifanya usiku baada ya zamu. Na ombi tunalolishikilia kuliko yote ni hili: kila jaribio liandikishwe hadharani kabla halijaanza, na matokeo yake yatolewe hata kama dawa haikufanya kazi, na mshiriki awe wa kwanza kuambiwa. Wagonjwa waliokaa safu ya mbele walitupa masikio yao, pua zao na makoo yao. Wengine bado hawajaambiwa tulipata nini, na kwa hilo tunawaomba radhi mbele yako. Barua zao zimeandikwa, na tutazikabidhi leo kabla hatujatawanyika.

Kabla hatujakukaribisha uzungumze, tunaomba umsikilize mshiriki wetu mmoja aliyeondolewa zoloto. Ataziba kwa kidole tundu la shingoni ili hewa ipite kwenye vali ndogo na kuingia koromeoni, na hapo ndipo sauti yake itatokea. Huanza chini sana, kwa hiyo tunaomba feni zizimwe na ukumbi utulie.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.