Kindergarten si neno la Kiingereza

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyedai katika safu hii kwamba "kindergarten", neno lililoandikwa kwenye vibao vya shule za watoto hapa Jinja, ni la Kiingereza na maana yake ni uwanja wa michezo. Neno hilo ni la Kijerumani. Limeundwa kwa maneno mawili: Kinder, yaani watoto, na Garten, yaani bustani.

Aliyeipa taasisi yake jina hilo, mwaka 1840 katika mji wa Bad Blankenburg, Ujerumani, ni mwalimu Friedrich Fröbel, aliyeamini kwamba mtoto hukua kama mche na mlezi wake ni mtunza bustani. Wala hakuishia kwenye mfano, kwa maana watoto wake waligawiwa matuta halisi, kila mmoja akapanda, akapalilia na kumwagilia lake. Serikali ya Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati huo, ilizipiga marufuku shule hizo mwaka 1851, Fröbel akafariki mwaka uliofuata, na marufuku ikaondolewa mwaka 1860, wakati neno lilikuwa limekwisha kuvuka bahari hadi Marekani.

Ukoo wa neno lenyewe ni wa kale zaidi. Kind latokana na mzizi wenye maana ya kuzaa, ambao katika Kilatini ulizaa genus, yaani ukoo au aina, na katika Kiingereza kin, yaani jamaa. Garten nalo ni ndugu wa hortus ya Kilatini, yaani bustani, na gorod ya Kirusi, yaani mji, kwa sababu bustani hapo kale ilikuwa kwanza mahali palipozungushiwa ua. Sisi wa Kiswahili tuna bahati ya kulielewa jambo hili upesi, kwani ua wenye wingi nyua na ua lenye wingi maua hukutana hapo hapo.

Kilichonisukuma kuandika ni kibao cha shule moja ya mtaani kwetu, kilichopakwa rangi mpya na kuandikwa "Kindergarden". Hiyo d iliyokaa mahali pa t ni ya Kiingereza, ambacho kilipata garden kutoka Kifaransa, nacho Kifaransa kilikuwa kimelichota katika lugha za Kijerumani za kale. Ni binamu wa Garten, lakini binamu haandikwi mahali pa mwenye jina. Nimezungumza na mwalimu mkuu, amenisikiliza vizuri, na fundi wa rangi ameahidi kurudi Jumamosi.

Mwalimu wa Kiswahili,
Jinja, Uganda