Barua ya wazi kwa mwakilishi wadi wetu: mfuko wa mlipaji ni mmoja

Mheshimiwa, assalaam alaykum.

Nakuandikia kabla mswada wa fedha wa kaunti haujafika mbele yenu, maana ukishapita sisi huletewa bei mpya tu. Nauza mahamri na mbaazi hapa Majengo, Mombasa, kwenye baraza ya nyumba aliyotuachia marehemu mama.

Hamri langu ni shilingi kumi. Bei hiyo nimeing'ang'ania kwa sababu wateja wangu wa alfajiri ni makuli, wasukuma mikokoteni na watoto wa shule. Nilichopunguza ni donge. Lililokuwa likijaa kiganja, sasa nalishika kwa vidole vitatu. Juzi mzee mmoja aliligeuza hamri mkononi, akanitazama, hakusema neno. Akanunua matatu badala ya mawili. Kodi yangu ameilipa yeye.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 1 hadi 3, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta ya gari kutoka asilimia 8 hadi 16. Anayeuza shilingi 3,000 kwa siku, mwaka mzima, amevuka milioni moja, kodi hiyo ya mauzo inapoanzia, na amenaswa: shilingi 90 kila siku, na zinahesabiwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Ukiungua unga, ukimwaga mbaazi, 90 ziko pale pale. Najua hayo yalipitishwa Nairobi, si kwenu. Lakini nazi inayotoka soko la Kongowea imeshabeba bei ya mafuta, na leseni yenu, cheti cha afya na ada ya bango vinatoka katika mfuko ule ule. Kila ofisi inahesabu chake peke yake na kukiona kidogo.

Nyumba nayo. Kama nyumba nyingi za mtaa huu, kuta ni zetu, ardhi si yetu. Tunamlipa mwenye kiwanja kila mwezi. Alipoongeza malipo hayo alituambia reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, zimepanda. Nasi tukaongeza kwa wapangaji wanne wa vyumba vya nyuma. Mmoja, dada anayefua nguo za watu, alihamia Likoni, na sasa anavuka feri kila asubuhi kurudi kwa wateja wake. Yeye jina lake haliko kwenye hati yoyote ya ardhi, na ndiye aliyeumia zaidi. Jambo hili linanikosesha usingizi, kwani mkono uliomwongezea kodi ya chumba ni wangu.

Hatukatai kulipa. Taka lazima zizolewe, na Ibara ya 209 ya Katiba imeipa kaunti haki ya kutoza reti. Ila Ibara ya 201 inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Kikao cha saa nne asubuhi mjini, na makaratasi ya Kiingereza, kitamshirikisha nani? Saa hizo mimi niko kwenye karai.

Basi kabla hujainua mkono kuupigia kura, njoo na mswada wenyewe kwa Kiswahili, ada zote zikiwa kwenye karatasi moja, utueleze ipi inapanda na kwa nini. Turuhusiwe pia kulipa leseni kwa awamu. Njoo baada ya Isha, watu wakiwa wamesharudi kutoka kazini. Baraza yangu ipo, na viti nitaazima kwa majirani.