Ufuo huo haumo kwenye hati

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu makala yenu ya ile ranchi ya kihistoria inayouzwa kwenye pwani ya California. Picha zilipendeza, sikatai: nyumba ya matofali ya udongo yenye paa la vigae vyekundu, ng'ombe wakishuka kilimani, na nyuma yao Bahari ya Pasifiki imetanda. Lakini mwandishi wenu amerudia mara tatu kwamba mnunuzi atapata "maili za ufuo wake mwenyewe". Hayo ni maneno ya dalali. Dalali kusifia bidhaa si kosa, ndiyo riziki yake. Gazeti ndilo lililopaswa kuuliza: ufuo huo umeandikwa kwenye hati ipi?

Nimekula chumvi nyingi katika kazi ya upimaji ardhi, na mipaka ndiyo iliyonisomeshea watoto, kwa hiyo mnisamehe nikiwa mshindani kidogo. Katika jimbo la California, ardhi iliyo chini ya mstari wa wastani wa maji kujaa ni mali ya umma. Jimbo limeishika kama amana ya watu wote. Tajiri anaweza kununua kilima, bonde, zizi, nyumba na genge zima la mwamba linalotazama bahari, lakini akishuka hadi kwenye mchanga uliolowa, amekwisha kutoka kwake. Pale amesimama pa watu kama mpita njia mwingine yeyote.

Na mstari wenyewe usiudhanie ni ukuta au seng'enge. Wastani huo huhesabiwa kwa maji kujaa ya karibu miaka 19, kwa sababu mwezi una mzunguko mrefu wa miaka 18.6 unaobadilisha nguvu ya maji. Ukishapata kimo hicho cha maji, unatafuta ni wapi kinakutana na mchanga, na hapo ndipo kasheshe inapoanza. Mawimbi makali ya msimu wa baridi huukomba mchanga na kuutupa ndani ya maji, kisha yale mapole ya kiangazi huurudisha kidogo kidogo. Mstari unatembea. Agosti uko mbali, Januari umefika chini ya genge. Bikoni, yaani jiwe la mpaka, huwezi kuchimbia hapo. Sasa mtu anaponiambia ranchi ina "ufuo binafsi wa maili kadhaa", namuuliza kaupima mwezi gani.

Msione ni ubishi wa vitabuni tu. Mwaka 2008 bilionea Vinod Khosla alinunua eneo la Martins Beach, kusini mwa Half Moon Bay, kwa dola milioni 32.5. Wenye mali wa zamani walikuwa wakiwaruhusu watu kuteremka na magari kwa kulipia maegesho. Yeye akafunga lango. Mahakama za jimbo zikasema kufunga njia iliyozoeleka kuelekea baharini ni jambo linalohitaji kibali chini ya Sheria ya Pwani ya 1976, sawa na anayetaka kujenga. Kesi ilibishwa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2018 ilikataa hata kuisikiliza. Lango moja, miaka yote hiyo na mawakili wote hao! Mnunuzi aliyesoma makala yenu asingejua kwamba pamoja na ranchi huenda ananunua kesi.

Upande wa pili wa shilingi upo pia, na haki ni kuusema. Ufuo unaweza kuwa wa umma na umma usiuone. Hollister Ranch, katika Kaunti ya Santa Barbara, ina ekari zipatazo 14,400 na pwani ya maili nane na nusu. Miaka ya 1970 iligawanywa viwanja vikubwa vya ekari mia hivi, na tangu hapo mtu asiye na mwenyeji ndani hana njia ya nchi kavu. Aje kwa mashua, au atembee juu ya mchanga maji yakiwa yamekupwa na awahi kurudi kabla hayajajaa. Mwaka 2019 ilipitishwa sheria ya kutaka mpango wa kuwafikisha watu, ikaweka Aprili 2022 kuwa mwisho wa kuanza. Aprili ikaja, ikapita, lango likiwa vilevile. Kwa hiyo dalali anaposema "binafsi", kinachouzwa hasa ni ugumu wa wengine kufika. Pengine bei yote imekaa hapo. Basi iandikwe hivyo, mnunuzi ajue anatoa pesa zake kwa ajili ya nini.

Nigusie na neno "kihistoria", maana nalo limepakwa rangi. Mmeandika kwamba ranchi za pwani ile ni "urithi wa enzi za Wahispania". Wahispania waligawa chache tu. Nyingi zilitolewa na serikali ya Meksiko, iliyoitawala California baada yao, hasa baada ya 1834, misheni za kanisa zilipoanza kunyang'anywa ardhi. Mwombaji alipeleka mchoro wa mkono ulioitwa diseño: kijito hiki, mwaloni ule, kilima chenye mwamba. Kipimo kilichukuliwa na wapanda farasi wawili wakivutana na kamba ya ngozi, mmoja anasimika mti, mwenzake anapita mbele. Kamba ya ngozi hurefuka ikilowa umande na kukaza jua likiwaka! Mimi mchoro wa namna hiyo nisingeupokea mezani kwangu, ingawa nakiri ni mizuri kuitazama.

Marekani ilipoichukua California mwaka 1848, iliahidi kuheshimu milki hizo. Halafu sheria ya 1851 ikamtaka kila mwenye ranchi athibitishe upya mbele ya tume kwamba ardhi ni yake. Madai 813 yalipelekwa. Kwa wastani ilichukua miaka 17 mtu kupata hati yake ya mwisho, na wakili kwa kawaida alilipwa kwa ardhi ileile aliyokuwa akiitetea. Ukame wa 1862 hadi 1864 ukamalizia, ng'ombe wakafa kwa maelfu. Familia nyingi ambazo majina yao leo yanapambwa kwenye matangazo ya kuuza nyumba ziliondoka zikiwa na madeni.

Na kabla yao? Kuna ranchi maarufu ya pwani ileile iitwayo Dos Pueblos, ekari 15,535, aliyopewa Nicholas Den, mzaliwa wa Ayalandi, mwaka 1842. Jina lake maana yake ni vijiji viwili. Vilikuwa Mikiw na Kuya'mu, vya Wachumash, wenyeji wa asili wa pwani hiyo, kimoja kila upande wa mdomo wa kijito. Ranchi inaitwa kwa vijiji vya watu ambao makala kama yenu hayawataji hata kwa sentensi moja, eti historia ilianza ng'ombe wa kwanza aliposhushwa.

Sina ugomvi na anayeuza. Wazee wanafariki, warithi wako saba, kila mmoja na mji wake, na ardhi ikikadiriwa kodi ya mirathi huja na tarakimu za kutisha. Mnunuzi naye ajiandae: tangu 1978 kodi ya ardhi California hukokotolewa kwa bei ya ununuzi, takriban asilimia 1 kwa mwaka. Kwa hiyo ile kodi ndogo ambayo bibi mwenye ranchi amekuwa akiilipa haimfuati mgeni.

Zipo pia njia nyingine za kuuza, ambazo mwandishi wenu hakuzigusa. Mwaka 2005 warithi wa Hearst, yule tajiri wa magazeti, waliuza haki ya kuendeleza ujenzi kwenye ekari zipatazo 82,000, wakabaki na ng'ombe wao, na maili 13 za pwani zikaenda kwa jimbo. Thamani yake ilikuwa dola milioni 95, sehemu taslimu na sehemu nafuu ya kodi. Mwaka 2017 Jack na Laura Dangermond, mume na mke waliotajirika kwa programu za ramani, walitoa dola milioni 165, na shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy likanunua ekari zaidi ya 24,000 karibu na Point Conception. Hapo napo mtu haingii anavyotaka, ziara ni kwa mpango maalumu, lakini angalau hakuna atakayekuja kukata viwanja.

Ombi langu ni dogo. Chapisheni masahihisho, mistari miwili inatosha: ardhi inauzwa, ufuo hauuzwi. Na mwandishi wenu akizungumza tena na yule dalali, amwombe ramani ya upimaji, aweke kidole pale mpaka unapoishia, kisha amuulize njia ya watu ya kushukia baharini inapita wapi. Atakachojibiwa, tunaomba tukisome.

Wako,
Mpimaji mstaafu